Si Maziwa ya Mbuzi Yaliyomuua Mdogo Wangu

Kibuyu cha bibi yangu kiliinuliwa kwenye mnada wa kanisani, Jumapili ya mavuno, na hakuna mtu aliyenyoosha mkono.

Kama umekulia huku kwetu, rafiki yangu, unaujua mnada wa baada ya ibada. Asiye na fedha ya sadaka huleta alichonacho: mkungu wa ndizi, mayai kwenye kikapu, kuku aliyefungwa miguu. Ibada ikiisha vinanadiwa pale uwanjani kwa vicheko na kelele. Mtindi wa mbuzi wa bibi ulikuwa unagombewa. Wanawake wenye wachanga walisukumana, na mzee mmoja mwenye tumbo bovu alikuwa akisema kibuyu kile kikimpita hawi na Jumapili. Lakini siku ile mnadi alikishika kwa ncha za vidole, kama mtu aliyeokota panya. Akasema, "Hiki jamani tukiache. Mnajua wenyewe." Akakiweka chini ya meza, akachukua mkungu wa ndizi.

Watu wakaangalia viatu vyao. Bibi alikuwa amesimama mbele na kitenge chake cha kanisani, anatabasamu bado, kwa sababu uso ulikuwa haujapata habari. Halafu aliinama, akakitoa kibuyu chini ya meza, akanishika mkono tukaondoka. Nyuma yetu nikasikia watu wanacheka. Kuku wa sadaka alikuwa amejifungua miguu na wanamkimbiza.

Utaniuliza kwa nini nimeanza na kibuyu wakati muda mfupi kabla ya hapo tulimzika mdogo wangu. Nimeanza hapo makusudi. Kifo tulifundishwa kwamba ni Mungu amechukua, ukanyamaza. Lile la mnadani halikufanywa na Mungu. Lilifanywa na mtu, mchana kweupe, akiwa amevaa tai. Mtu huyo yu hai. Anakula, anakunywa, na juzi amenitumia isale, jani la kuombea amani.

Twende polepole. Mimi shule niliacha darasa la nne, na kuandika kunanichosha mkono huu unaotetemeka. Huo mtetemeko nao utaujua umetoka wapi.

Kihamba cha bibi, shamba lake la nyumbani, kilikuwa kule juu Machame, mahali ambapo asubuhi unaamka ukungu umeingia mpaka ndani ya banda la mbuzi. Migomba juu, kahawa chini yake, magimbi kandokando ya mfongo, mfereji wetu wa kumwagilia, na maji yake yanasikika mchana kutwa hata ukiwa umelala na homa. Mama yetu alitangulia mbele ya haki mdogo wangu akiwa bado ananyonya, na baba alikwenda kutafuta kazi kwenye mashamba ya miwa huko chini, akatafuta moja kwa moja. Bibi akabaki na sisi wawili na mbuzi.

Watu katika habari hii sitawataja majina, mtawajua kwa kazi zao. Mbuzi nitawataja, kwa sababu mbuzi hawakumkosea mtu. Kulikuwa na Karani, aliyekuwa na duara nyeupe kuzunguka macho kama amevaa miwani, na alipokuwa anacheua alikutazama kama anakukagua. Kulikuwa na Bibi Harusi, mweupe, mwendo wa kujivuta, hapendi kukanyaga tope. Banda lao lilikuwa limeinuliwa kwa fito, kinyesi kinadondoka chini, wenyewe wanalala pakavu. Bibi alikuwa anasema mbuzi ni mtu mwenye heshima zake, ukimlaza pachafu atakulipa kwa maziwa machafu.

Sisi huku hatuchungi. Kijiji kizima ni shamba la mtu, utachungia wapi? Mbuzi anakaa bandani na wewe ndiye unayetembea kwa niaba yake. Unamletea majani, unamkatia mgomba vipande vipande, unamwekea maganda ya ndizi, unamlambisha magadi. Kazi hiyo ilikuwa yetu watoto. Asubuhi kabla ya shule, na jioni tena. Nilikuwa naichukia, nakuambia ukweli, na leo ningelipa chochote nirudishiwe asubuhi moja tu ya namna ile, na mdogo wangu anatembea mbele yangu anaimba wimbo wa kwaya kwa maneno ya uongo.

Bibi alikamua mwenyewe. Alinawa mikono, akaosha chuchu kwa maji ya vuguvugu, akazifuta kwa kitambaa ambacho ole wako ukitumie kwa kazi nyingine. Beberu hatukufuga. Akihitajika tulimfuata mbali, maana harufu ya beberu huingia kwenye maziwa, na ndiyo maana watu wasiojua wanasema maziwa ya mbuzi yananuka. Maziwa ya bibi yalinuka moshi kidogo tu, moshi wa kibuyu kilichofukizwa. Aliyachemsha mpaka yakapanda, akayashusha, akayarudisha yapande tena. Kikombe cha kwanza cha mdogo wangu, cha pili changu, cha tatu chake yeye bibi. Kinachobaki kinaingia kwenye kibuyu kuwa mtindi, au kinamwagiwa kwenye mtori wa ndizi ukaiva mweupe na mzito, ukila unasikia usingizi unakuita.

"Ng'ombe anakupa ndoo na anakula nyumba yako," bibi alikuwa anasema. "Mbuzi anakupa kikombe, na anakula takataka zako."

Mdogo wangu alikua kwa kikombe hicho. Alipoachwa na mama alijaribiwa maziwa ya ng'ombe, akatapika, akaharisha, akabaki macho tu. Bibi akamkamulia Karani, akayachemsha, akayapoza, akamlisha kwa kijiko kidogo kidogo. Mtoto akatulia. Mashavu yakarudi. Bibi alisema maziwa ya mbuzi hayalali tumboni, yanapita kama mgeni mwenye adabu. Wanawake wakasikia, wakaanza kuja. Aliyekauka maziwa anakuja, mwenye mtoto anayelia tumbo anakuja, mke aliyeletewa baba mkwe mgonjwa anakuja. Wengine walileta ndizi, wengine hawakuleta kitu. Bibi hakuuliza.

Na sasa ingiza akilini mtu huyu. Jirani yetu wa mpakani alikuwa mwenyekiti wa chama cha kahawa cha pale kijijini. Mizani ya kahawa iko chini yake, stoo ya dawa na mbolea iko chini yake, ufunguo unaning'inia kiunoni anapotembea, unausikia kabla hujamwona. Tena mzee wa kanisa. Tena mnadi wa sadaka, maana alikuwa na sauti na maneno ya kuchekesha. Ndiyo, ni yeye. Aliyekishika kibuyu kwa ncha za vidole ni yeye.

Mkewe alijifungua mtoto wa kiume ambaye maziwa ya ng'ombe yalimkataa kama yalivyomkataa mdogo wangu. Nani alimlisha? Kila asubuhi nilivuka mpaka na kikombe kilichofunikwa sahani, nikabisha kwa mwenyekiti. "Shikamoo mama, maziwa ya mtoto." Mkewe alinipokea kwa mikono miwili. Mtoto akanenepa, akawa na mapaja kama mtungi. Mwenyekiti mwenyewe alisema pale mnadani, kwa sauti ile, "Jamani, kibuyu hiki ndicho kilichomkuza mwanangu, nani anaanza?"

Kati yetu na yeye hapakuwa na ukuta, palikuwa na mstari wa masale tu, maana sisi mpaka tunaupanda kwa isale. Na palikuwa na mapatano ya tangu enzi za babu: sisi tunakata majani chini ya kahawa yake, yeye anachukua samadi ya mbuzi wetu. Yeye anapaliliwa bure, mbuzi wanashiba, kahawa inapata samadi. Kwa hiyo usije ukaambiwa hakujua. Alijua kwamba kila asubuhi ya Mungu watoto wawili wanainama chini ya kahawa yake na mundu.

Kitu kimoja zaidi, halafu nikupeleke kwenye siku yenyewe. Mtu akitaka kupiga dawa kwenye kahawa, dawa ile kali ya wadudu, alikuwa na wajibu. Jioni ya kabla anapiga kelele kihambani kwake, "Kesho kwangu dawa!" Na kwenye kila njia inayoingia anafunga jani kavu la mgomba, fundo moja, linaning'inia usawa wa kifua. Ukiliona, hukati jani, huchumi mboga, kuku unawafungia, mpaka mwenyewe aje aliondoe. Mtoto anayeanza kutembea tulimfundisha jani lile kabla ya kumfundisha sala. Na tulimfundisha na upande wa pili: jani lisipokuwepo, pita, ni salama.

Mwaka ule wadudu waliingia kwenye kahawa kwa fujo. Wanachama wakaenda kwa mwenyekiti kuuliza dawa. "Haijafika," akasema. "Bado iko njiani." Watu wakarudi wakaendelea kutazama kahawa yao inatobolewa.

Ilikuwa Jumapili. Jana yake kijiji karibu chote kilikwenda kwenye sherehe ya kipaimara upande wa pili wa mto, watu walirudi na giza wameshiba. Bibi aliamka alfajiri kama kawaida, akakamua, akachemsha. Tukanywa wote watatu. Nikavusha kikombe kwa mwenyekiti. Mkewe akakipokea. Halafu tukachukua mundu tukaenda kukata majani kabla ya kanisa.

Majani yalikuwa yamelowa. Tukadhani ni umande. Harufu niliisikia, nakiri niliisikia, ile harufu ya kitunguu kilichooza na mafuta ya taa. Nikatazama njiani. Hapakuwa na jani kavu. Nikatazama njia ya pili, ya mfongoni. Hapakuwa na jani. Basi hakuna dawa. Nani alaumiwe hapo, mtoto aliyeiamini alama, au mtu mzima aliyeificha?

Tukafunga mizigo. Mimi nilijivika gunia kichwani, lile unalolikunja kona moja ikaingia kwenye nyingine likawa kama kofia ndefu ya mgongoni, maji yasikushukie. Nikampa na mdogo wangu lake. Akalisukuma.

"Sitaki! Linanuka mbuzi."

"Wewe mwenyewe unanuka mbuzi."

"Leo naenda kanisani, wewe kanuke peke yako!"

Akaweka ngata yake ya majani ya mgomba, nikamtwika. Maji yakawa yanamshuka shingoni, yanaingia kwenye gauni, anacheka kwa sababu ni ya baridi. Tulipofika kwenye mfongo akasema anaona ukungu. Nikamwambia ukungu mbona hakuna. Hatua chache mbele akaanguka na mzigo wake, mzigo ukamfunika.

Nilipomtoa alikuwa anatokwa mate mengi, mfululizo, na jasho, na mboni za macho zimekuwa ndogo kama mbegu za ulezi. Mikono inaruka yenyewe. Nikapiga kelele mpaka bibi akaja, na muda huo na mimi tayari mikono yangu imeanza, na tumbo limenikamata, napiga magoti.

Aliyembeba mdogo wangu mpaka zahanati ni mwenyekiti. Ndiyo. Alisikia kelele, akaja mbio na fulana ya ndani, akambeba mgongoni, na watu mpaka leo wanamsifia. Mimi nilibebwa na bibi. Zahanati ilikuwa na mganga mmoja, wakamwita kutoka nyumbani kwake. Nakumbuka harufu ya spiriti na dari. Nakumbuka mganga anauliza, "Wamekula nini hawa? Wameshika nini?" Bibi alikuwa anahema kwa mlima, hajapata pumzi ya kusema. Mwenyekiti akamjibia. Nilimsikia kwa masikio yangu, niliyekuwa nimelazwa kwenye benchi.

"Maziwa ya mbuzi, mganga. Wamekunywa maziwa ya mbuzi. Huyu mama nimemwambia siku nyingi."

Hajawahi kumwambia hata siku moja. Mwanawe alikuwa amekunywa maziwa yale yale asubuhi ile ile.

Wakatutibu tumbo. Mdogo wangu hakuiona saa ya ibada kuisha. Kengele ilikuwa inalia wakati bibi anamfunika.

Tuliporudi nyumbani, yaani mimi nilipoletwa nimebebwa, Karani alikuwa amelala kando bandani na povu mdomoni, na watoto wake wawili pembeni yake. Walikuwa wamekula majani ya mzigo wangu, aliyoyaingiza mtu mwema aliyeyaokota njiani. Bibi Harusi alipona kwa sababu alikuwa amezaa juzi yake, na mbuzi aliyezaa bibi alimlisha peke yake, migomba na maji ya moto. Bibi yangu alisimama akawatazama hawa waliokufa na huyu aliyesimama. Alikuwa mwanamke asiyejua kusoma, lakini hilo halihitaji kusoma. Yeye bibi alikunywa maziwa yale, hakuugua. Mtoto wa mwenyekiti alikunywa, hakuugua. Walioanguka ni waliogusa majani.

Akaenda kusema. Kwa nani? Aliwaambia wanachama. Wakamjibu, "Mama, dawa haijafika, mwenyekiti mwenyewe amesema." Baada ya muda dawa ilipotolewa stoo, pipa moja lilikutwa limeshafunguliwa. Na msimu ule kahawa yote ya upande wetu ililiwa na wadudu, isipokuwa shamba moja. Macho walikuwa nayo! Lakini nani angesema, na mizani ni ya nani? Mtu akifungua mdomo, siku ya kupima kahawa gunia lake linapungua uzito. Basi wote wakachagua kuamini mbuzi. Mbuzi hana mizani.

Baadaye nilielewa kwa nini alipiga dawa siku kijiji kiko sherehini, na kwa nini hakufunga jani. Angelifunga, kijiji kingejua ana dawa ambayo alisema haijafika. Alichagua kati ya siri yake na mdogo wangu.

Ndipo ikaja ile Jumapili ya mavuno, na kile kibuyu. Na kesho yake asubuhi mwenyekiti akaja uani kwetu na jani la isale mkononi, na mchungaji nyuma yake, na chombo cha mbege, pombe ya ndizi.

Kama wewe si wa huku, nikueleze. Isale likiletwa ni ombi la msamaha, na halikataliwi. Hata kama mtu amemwaga damu, akikuletea isale unalipokea. Aliyelikataa anajiitia laana. Bibi alikuwa anachambua maharage. Hakunyanyuka.

"Isale la nini?" akauliza.

"La ujirani tu, mama. Tusameheane yote."

"Yote ndiyo nini?"

Ufunguo ule kiunoni ndio uliosikika.

"Isale halina mdomo," bibi akasema. "Aliyelileta ndiye mwenye mdomo. Sema."

Mchungaji akaingilia. Akasema mama, ndugu amejishusha, usiufanye moyo kuwa mgumu, una mjukuu mwingine wa kulea. Bibi akamtazama mchungaji, akanitazama mimi ninayetetemeka mlangoni. Akalipokea. Na kwa kulipokea akajifunga mdomo, maana jambo lililoombewa isale halisemwi tena. Kumbe ndicho walichokuja kukitafuta. Waliutumia msamaha wetu kama kufuli. Mchungaji, popote ulipo, hili ni lako.

Baada ya hapo mbuzi walianza kuondoka kijijini. Kila mtoto akiumwa tumbo, mbuzi. Mzee akifa, si alikuwa anakunywa maziwa ya mbuzi? Mmoja mmoja wakauzwa kwa wachuuzi wa Bomang'ombe, wakaishia kwenye mkaa. Bibi alimng'ang'ania Bibi Harusi mpaka hakukuwa na mtu wa kumpa hata kikombe bure, halafu na yeye akaenda, akijivuta, hataki kukanyaga tope. Shuleni wakaniita Maziwa. "Maziwa, shika kalamu!" Kalamu ilikuwa inaruka, darasa linacheka, mwalimu naye anacheka kwa pembeni. Nikaacha. Bibi alikufa akiwa mwanamke aliyeua mjukuu wake kwa maziwa. Hivyo ndivyo alivyozikwa, na mwenyekiti alishika jembe la kufukia.

Nilihama. Niko hapa Shirimatunda miaka mingi sasa, nauza ndizi, na siku za gulio nashuka nazo Bomang'ombe. Huko ndiko alikoniona mganga wetu wa zamani, mzee wa fimbo sasa.

"Shikamoo, daktari."

"Marahaba. Huo mkono umeanza lini, mama?" Akanitazama sana. "Ngoja. Wewe si yule mtoto wa maziwa?"

Nikamwambia mimi si mtoto wa maziwa, mimi ni mtoto wa dawa ya kahawa. Nilidhani atabisha. Akakaa juu ya kreti langu la ndizi. Akasema siku ile aliziona zile mboni, akashtuka. Alimvuta mwenyekiti pembeni akauliza kama kuna dawa ya kahawa imepigwa. Mwenyekiti akaapa kwamba dawa ya chama haijafika. "Mwenyekiti wa chama akikwambia hivyo, utamwamini nani?" Halafu akasema jambo ambalo sijalala nalo vizuri mpaka leo.

"Sindano ya kuiua sumu ile ilikuwepo. Kabatini. Hii nchi ya kahawa, lazima uwe nayo. Neno moja tu, ningeichoma."

Umesikia? Kabati lilikuwa nyuma ya mgongo wake. Mwenyekiti alikuwa amesimama mbele ya kabati lile, jasho la kumbeba mdogo wangu halijamkauka, na neno moja lilikuwa mdomoni mwake. Nilikuwa nadhani alimuua kwa jani ambalo hakulifunga. Kumbe alipata nafasi ya pili, palepale, ya kumrudisha, akasema maziwa.

Sasa cheka na hii. Mwaka huu duka la hapa mtaani kwetu limeleta chupa ndogo za kifuniko cha kijani. Binti wa duka ananiambia, "Mama, chukua hii, maziwa ya mbuzi, dawa kabisa! Watoto, wazee, wenye vidonda vya tumbo, wote wanayataka. Yanaisha kabla ya saa nne."

"Yanatoka wapi?"

"Machame huko, kwa mzee mmoja na mwanawe. Wana mbuzi weupe wazuri hao! Mzee anasema yeye amekulia kwenye maziwa ya mbuzi."

Nikanunua. Nikachemsha mara mbili, nikanywa. Ni mazuri. Hilo ndilo lililonikasirisha zaidi. Yanapita kama mgeni mwenye adabu. Mbuzi bado ni mkweli baada ya yote aliyosingiziwa, na anayekula matunda ya ukweli huo ni yule yule mwongo.

Na juzi mwanawe akaja hapa na gari. Yule yule niliyemvushia kikombe, mtu mzima mwenye mvi. Mkononi jani la isale, nyuma ya gari mbuzi jike mweupe amefungwa kamba mpya.

"Dada, meku, baba yangu, amezeeka. Anaumwa. Anataka amani na wewe."

"Amani ya nini?"

"Hakuniambia. Amesema wewe utajua."

Nikamtazama. Sina ugomvi naye, mifupa yake imejengwa na Karani. Nikamwambia, "Mwambie bibi yangu alishalijibu isale hili. Halina mdomo." Mbuzi akarudi alikotoka. Isale aliliacha juu ya nguzo ya geti, lipo pale linakauka. Majirani wa Kichagga wanapita wanalitazama, wananitazama, wananiona nimeingiwa na shetani. Mwanamke gani anakataa isale? Mimi. Silikatai milele, nalikataa likiwa bubu.

Kibuyu cha bibi ninacho. Kimepasuka shingoni, nimekishona kwa uzi. Jumapili ya mavuno inayokuja nitapanda nacho mpaka kanisani kule juu, nitakiweka mezani, juu ya meza, siyo chini yake. Yeye aletwe hata kwa kiti. Sitaki mbuzi, sitaki mbege, sitaki mchungaji wa kunisemea. Nyinyi mliotazama viatu vyenu siku ile, mlio hai, mje, mtazame juu safari hii. Na mimi nitarudia swali la mganga, kwa sababu liliulizwa mchana, mbele ya watu, na halijajibiwa mpaka leo.

Mzee, watoto wale walishika nini?

Jibu. Mdomo unao.